Siku Gitaa Langu Lilipoita Nyuki Tinde

Ulikuwa ule mwaka tulipokula unga wa njano, ule wa msaada uliokuja na magunia kutoka ng'ambo, ugali wake ukikaa tumboni kama jiwe na watoto wakiuita chakula cha kuku, na siku ukiukosa unatafuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, unashushia maji mpaka tumbo livimbe likudanganye kwamba umekula. Mwaka huo ndio niliokimbia mbele ya watu wa Tinde nzima nikiwa na shimizi, gitaa nimelinyanyua juu ya kichwa, waya unaburuzika nyuma kama mkia wa nyani. Aibu niliipata, sikatai. Nawasimulia mwenyewe ili msije mkaisikia kwa wifi yangu Milembe, maana yeye akiisimulia ananivua hata hilo shimizi.

Mimi niliishia darasa la pili, lakini gitaa la umeme nililipiga, na nililipiga vizuri kuliko wanaume wengi waliomaliza la saba (kama mnabisha, waliobaki hai waulizeni). Mume wangu, Baba Limi, ndiye alikuwa mpiga solo wa bendi yetu pale Shinyanga, akaondoka kwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye mashimo waliyoyaacha wazungu, akasema atarudi kabla ya mvua, hakusema mvua ya mwaka gani. Gitaa lilikuwa mali ya bendi. Mkuu wa bendi, Masanja, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, akaona hana mpigaji, na mimi nyimbo zote nazijua kwa sababu mume wangu alipokuwa akifanya mazoezi nyumbani nilikuwa nimekaa hapo hapo nachambua mlenda, macho yangu kwenye vidole vyake.

"Shemeji, unalishika tu kwa muda," Masanja akaniambia. "Usije ukazoea."

Nikazoea siku hiyo hiyo.

Sasa kuhusu mngurumo. Kabla ya bendi nilikuwa nafua nguo kwa mzungu mmoja Mwadui, fundi wa mitambo, na kijana wake alikuwa na santuri anazozipiga mchana kutwa, basi siku moja niko kwenye karai, mikono imejaa povu, nikasikia dirishani gitaa likinguruma kama mashine ya kusaga iliyomeza mawe, zito, chafu, linatetemesha maji kwenye ndoo, nikasimama hapo na shuka la watu linachuruzika miguuni kwangu nisijali. (Wajukuu zangu leo wananiambia sauti ile ina jina, eti hevi metali. Sawa. Mimi niliipenda kabla sijajua jina lake, kama nilivyompenda babu yao.) Yule mzungu alipofungasha kurudi kwao akawaambia wafanyakazi tuchukue vilivyobaki, wenzangu wakagombania masufuria na mapazia, mimi nikachukua kidude cha chuma cha kukanyaga kwa mguu, kile wapigaji wanachokiita pedali, kinachochafua sauti ya gitaa.

"Wifi, hicho utapikia nini?" Milembe akaniuliza.

"Nitawapikia ninyi masikioni," nikamjibu.

Betri yake ilikuwa imekufa na dukani hata betri ya redio ilikuwa ndoto, hivyo nikachukua betri za tochi zilizochoka, nikazianika juu ya bati kama tunavyofanya wote, jua likazifufua kidogo, nikazipanga kwa kufuatana na kuzifunga kwa mpira wa baiskeli, nikaunga waya. Kikawaka! Lakini kikawa kinakoroma kama mzee mwenye kifua. Nikafungua amplifaya ya bendi, ile ya zamani yenye taa ndani zinazopata moto mpaka unaweza kukaangia yai, sauti ya chini nikaijaza, ya juu nikaipunguza, kifundo cha nguvu nikakizungusha mpaka kikagoma, bado. Ndipo nikakumbuka spika ya redio ya baba yangu iliyochanika, jinsi ilivyokuwa ikigeuza hata taarifa ya habari kuwa ugomvi. Nikachukua wembe nikaichana karatasi ya spika ya amplifaya yetu. Mngurumo ukaja, mayu wane, mama yangu, ukaja mpaka kuku wakatoka uani! Ila mpasuko mmoja niliuzidisha, karatasi ikawa inapigapiga kama mlango uliolegea, ikabidi izibwe.

Masanja alipoisikia alishika kichwa.

"Hilo gitaa linaumwa, Shemeji. Watu wanataka gitaa linalolia, siyo linalotapika."

"Wewe umewauliza?"

"Jumapili tutawauliza," akasema. "Tunashindana na Mzee Gamaya pale Tinde. Miguu ya watu ikienda kwake, gitaa analichukua mpwa wangu Luhende, na wewe unakwenda kutikisa kayamba nyuma na wifi yako. Nimemaliza."

Kwetu mashindano hayana majaji wa kukaa mezani. Makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, yanapiga kwa wakati mmoja, na watu wanatembea: atakayevuta umati upande wake ndiye mshindi. Ndiyo maana kila kiongozi ana dawa yake ya mvuto, mwingine anaifukia uwanjani alfajiri, mwingine anaivaa, na Mzee Gamaya, aliyekuwa na vijana wa bugobogobo, ngoma yetu ya wakulima, wanaorusha majembe juu na kuyadaka kwa ngoma, alikuwa na sifa ya dawa toka Tinde mpaka Isaka. Mimi dawa sikuwa nayo. Nilikuwa na spika iliyopasuka na siku mbili za kuiziba.

Sasa sikilizeni hapa, maana balaa lote limetoka hapa. Spika ikichanika, kila mtu anajua, unakoroga uji mzito wa unga, unapaka, unabandika kipande cha gazeti, basi. Lakini nani angemkorogea spika uji mwaka ule? Binti yangu Limi alikuwa analamba mwiko mpaka unang'aa! Nikiwa nimesimama na kile kikombe cha unga mkononi nikaona haiwezekani, unga ni wa mtoto, nikaurudisha kwenye kopo. Msumbwa mmoja muuza asali kutoka Ushirombo alikuwa amenipa donge la nta, bado lina asali yake ndani, nikalikanda vizuri kwenye moto, nikaziba nalo ule mpasuko na kuzungushia ukingoni kote ili paimarike, na vidole nikavilamba. Nikajiona nina akili kuliko bendi nzima.

Jumapili mchana tukasimama. Jua la Tinde mnalijua. Amplifaya iko juu ya pipa, jenereta linakohoa nyuma yetu, mimi nimevaa gauni la Milembe la maua na viatu vya raizoni vya kunipa kimo, upande wa pili Mzee Gamaya na majembe yake, katikati umati wa watu waliouza pamba, maana mahindi yalikufa lakini pamba ilisimama. Mwanzoni miguu ikaenda kwa Gamaya. Nikamwona Masanja ananitazama, na Luhende amesimama pembeni anajinyoosha vidole, mshenzi yule, kama bwana harusi. Nikakanyaga pedali. Nikaegemeza ukingo wa kiganja kwenye nyuzi ili zisipumue, nikazichapa zile nene, du-du-du-du, mngurumo ukatoka ukapita chini ya miguu ya watu, wakageuka. Kwanza vijana, halafu kina mama wenye watoto mgongoni, halafu hata wazee wenye fimbo zao, wanakuja, wanakuja, mmoja anasema kwa sauti, "Huyu mama kafungia fahali kwenye sanduku!" Nyuma ya Gamaya wakabaki mbwa.

Na hapo sauti ikazidi kunoga. Kulikuwa na uzi mwembamba wa sauti juu ya mngurumo, zzzzzz, mtamu, unazunguka, ule ule wa santuri ya Mwadui niliokuwa naukosa siku zote, nikasema moyoni betri zimekolea, nikafumba macho.

"Wifi!" Milembe akaita.

"Niache, ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo!"

"Wifi, siyo gitaa! Nzuki!"

Nikafumbua macho. Zile taa za amplifaya na lile jua vilikuwa vimeyeyusha nta, asali inatiririka mbele ya spika, na nyuki wa ule mwaka wenye ukame, maua hakuna hata moja, nao walikuwa na njaa kama sisi. Amplifaya ilikuwa imevaa nyuki kama blanketi. Na mimi badala ya kunyamaza nikashtuka nikapiga nyuzi zote kwa pamoja, spika ikaruka, nyuki wakaruka nayo.

Wa kwanza alinichoma mdomoni. Wa pili sijui, maana nilishaanza mbio. Umati ulipasuka, majembe yakatupwa, ng'ombe waliokuwa wananywa kule lambo, bwawa la mifugo, wakainua mikia, jenereta likaachwa likikohoa peke yake. Mimi raizoni moja ilibaki uwanjani, nyingine niliitupa mwenyewe, gauni likashikwa na mwiba wa mgunga, nikalivuta, nalo likavuta, mwiba ukashinda. ("Gauni langu!" nikamsikia Milembe nyuma, katikati ya nyuki wote wale anawaza gauni.) Lakini gitaa sikuliachia. Waya ukachomoka kwenye amplifaya ukanifuata, nikaingia lambo mpaka shingoni, kati ya ng'ombe, gitaa nimelinyanyua juu lisilowe, na hapo nikakaa.

Nyuki walipotulia watu wakarudi, na wakanikuta. Wakapanga mstari kwenye ukingo wa lambo kama wanaangalia sinema. Jicho moja limefumba, midomo imekuwa kama maandazi, shimizi linaelea kifuani na limejaa tope la ng'ombe. Wa mbele kabisa alikuwa Mzee Gamaya mwenyewe, shavu limevimba, na kwa sababu nimelelewa, nikamwamkia kutoka majini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo dawa umeitoa wapi?"

"Siyo dawa, mzee. Ni nta."

Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Maisha yangu yote natafuta dawa ya kuleta watu," akawaambia wenzake, "huyu ana ya kuwaleta na ana ya kuwafukuza!" Watu wakaangua kicheko, wengine wanajikuna, mama mmoja akanirushia kanga, Mungu ambariki popote alipo.

Mnataka fundisho? Haya. Spika izibwe kwa uji, hata kama mwaka ni wa njaa, na nta ibaki kwenye mzinga. Hilo nimekoma, na sitalirudia mpaka nazikwa. Nguo ya kupigia gitaa iwe yako mwenyewe, maana lile gauni nimedaiwa kwa maneno mpaka leo. Zaidi ya hapo sijuti kitu. Wanaosema niliaibika kwa sababu mwanamke hapaswi kushika gitaa, au kwa sababu nilitaka sauti ambayo haikuwa ya kwetu, wanasema uongo, kwani niliumbuliwa na nyuki, na nyuki hawakuja kwa ajili ya maoni.

Nilipotoka majini Masanja alikuwa ananisubiri, nyuki wamemfumua sikio likawa kama la tembo mtoto, na Luhende yuko nyuma yake.

"Shemeji, lete gitaa."

Nikaifunga vizuri ile kanga.

"Ulisema miguu ya watu ikienda kwa Gamaya," nikamwambia. "Ilikwenda kwa nani?"

"Mama Limi, usinichoshe. Watu wamekimbia!"

"Wamekimbia nyuki. Mimi hakuna aliyenikimbia. Muulize Gamaya."

Mzee Gamaya akakohoa, akatazama fimbo yake, halafu akasema ukweli, maana katika mashindano hakuwa mwongo: "Kabla ya nyuki, walikuwa kwake wote. Kwangu walibaki mbwa."

Umati ukaguna. Masanja akaona anashindwa mbele za watu, akabadilisha njia, akalainisha sauti. "Basi libaki kwako. Lakini huo mngurumo uuache hapa hapa Tinde. Upige kistaarabu, kama Baba Limi."

Baba Limi alikuwa Geita kwenye shimo lake. Waliosimama pale ukingoni mwa lambo tulikuwa sisi, tumevimba.

"Gitaa silitoi, na mngurumo siupunguzi."

Masanja akapanua kifua, akageukia watu, mkono kwenye lile sikio lake. "Rudia, Mama Limi, watu wote wasikie!"

Midomo iliniuma, nikaifungua hivyo hivyo.

"Gitaa silitoi, na mngurumo siupunguzi."