Msumeno wa Gerishom na Usingizi wa Mtoto wa Jirani

Saa mbili asubuhi, mtaani Barani, Malindi. Gerishom anatia pamba masikioni, anapuliza vumbi la jana mezani, anawasha msumeno wa umeme. Ubao haujafika katikati, mashine inazimika ghafla.

Anageuka. Jirani yake, Sidi, amesimama penye ukuta, waya wa umeme alioung'oa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini? Mjukuu wangu hajafumba jicho!"

Kabibi, bintiye Sidi, ana siku kumi na mbili tangu ajifungue. Mpaka arobaini zitimie hatoki ndani, kwa hiyo hana pa kukimbilia kuepuka kelele.

Gerishom, mwenye miaka arobaini na mmoja, alishuka pwani akiwa kijana, na randa moja ya mkono. Kwa mikono alimaliza vitanda vitatu kwa mwezi. Tangu anunue mashine, miaka miwili iliyopita, anamaliza vinane, na watoto wake wanne wanasoma.

Siku ile hakubishana. Aliunda sanduku la mbao, akaifunika mashine. Alipowasha, mtaa mzima ulitoka nje.

"Fundi mzima wewe!" Sidi alicheka hadi akashika kiuno. "Sanduku tupu juu ya simenti si ngoma hiyo? Umemletea mtoto sherehe!"

Baba yake Sidi alikuwa akichonga ngoma kule Matsangoni. "Ngoma ukiikalisha mchangani, ukaishindilia matambara, hata uitwange haisemi," Sidi alimwambia Gerishom.

Gerishom akavunja simenti, akamwaga mchanga, akakata tairi kuukuu na kuiweka chini ya miguu ya mashine. Kuta za sanduku akazijaza makumbi ya nazi. Meno ya msumeno huyanoa kila Jumamosi. "Jino butu ndilo linalopiga kelele," anasema. Hukata mbao asubuhi tu. Alasiri hupiga msasa kwa mkono.

Sasa, uani kwa Sidi, husikika mvumo mdogo tu. Mtoto hulala.

Hata hivyo, moyo wa fundi haukutulia. Alikwisha kutoa ahadi ya kukodi kiwanja Gede, ahamishie kazi huko. "Mama huyu ndiye aliyetupokea tukiwa wageni," anasema polepole. "Sitaki anichoke."

Juzi alasiri alikwenda kumwambia. Sidi alikuwa akichambua mchicha.

"Umekuja kuniuliza au kuniaga?"

"Kukuaga, mama."

Sidi akaweka ungo chini.

"Mimi nilitaka mtoto alale. Sikutaka uende. Arobaini zikiisha, Kabibi atarudi kwa mumewe. Tangu afariki mume wangu, nyumba hii ikinyamaza kabisa naogopa, Gerishom. Nikikusikia kazini najua kuna mtu. Kaa hapa, mwanangu."