Buibui wa Mpakani

Nina hasira, na naandika nikiwa nazo ili nisije nikazilainisha baadaye. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya mtafiti nayaeleza nilivyoyaelewa mimi. Nikikosea, kosa si lake.

Alikuja hapa Mitole mikorosho ilipoanza kutoa maua. Binti wa chuo, mpole, anakula kila anachopewa. Alikuwa anatafuta buibui anayekaa kwenye mikorosho yenye majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Buibui huyo hategi utando, anaruka. Tena amefanana na majimoto mpaka miguu miwili ya mbele anaiinua na kuichezesha kama pembe zao. Nimeokota korosho tangu utoto na sikuwahi kumtofautisha.

Ana macho manane. Binti alikuwa akimshika chini ya kioo cha kukuzia, anamziba mawili kwa tone la rangi, anamrudisha mtini, halafu anakaa juu ya ndoo na kutazama. Aliyezibwa macho ya pembeni, majimoto akimjia kwa nyuma, atageuka? Alitaka kujua ubongo mdogo kuliko punje ya ulezi unaamuaje kwamba huyu adui, huyu mwenzangu. Nikamuuliza, faida yake nini?

"Bado sijui, mama," akasema. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Nikampa mikorosho mitatu ya mpakani, nikaahidi haitapulizwa dawa. Chuo kilimpa msimu huu tu. Buibui wale wakipotea, hana cha kurudi nacho.

Ng'ambo ya mpaka ni shamba la mtoto wa shangazi yangu, na kwetu huyo ni mtani. Amenizidi umri mbali, lakini sijawahi kumpa shikamoo. Tunaamkiana kwa kashfa. Ana mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni, na mwenye mashine huku hasimami mpakani, anapuliza na mstari wa jirani, maana mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, hawajui shamba la nani. Ni wema, na mimi nimeufaidi miaka mingi. Hilo lazima niliseme.

Kwa hiyo nilimfuata, nikamwambia ile mitatu asiiguse.

"Ina nini?"

"Ina buibui. Wamepakwa rangi machoni, wanachunguzwa."

"Buibui anapakwa wanja, wewe huna. Ndiyo maana huolewi tena."

"Niolewe na nani, na wanaume wenyewe ndio nyie?"

"Haya, nitapiga hodi kwanza. Wakisema karibu, ndiyo napuliza."

Nikacheka. Nikaondoka nikijua tumeelewana.

Asubuhi moja nilisikia mashine ikinguruma, nikadhani iko kwake. Tulipofika na binti, chini ya ile mitatu majimoto walikuwa wametapakaa kama pumba, na harufu ya dawa inakaba koo. Buibui wamelala chali, miguu wameikunja kifuani. Binti akapiga magoti, akawa anawageuza kwa unyasi, mmoja mmoja. Akampata aliyekuwa bado anatikisika, akamweka kiganjani, akapitisha kidole nyuma yake. Buibui hakugeuka.

"Huyo amezibwa ya pembeni?" nikauliza.

"Hapana, mama. Huyu hakuzibwa kitu."

Mtani wangu akatokea, mashine mgongoni, anacheka. "Nilipiga hodi, hawakuitika." Kisha akamwona binti usoni. "Kumbe ni kweli?"

Kumbe ni kweli. Maneno hayo ndiyo yanayonichoma. Nilimwambia kwa kinywa changu, naye akaona ni mzaha wa kawaida.

Nimtendee haki. Neno zito halipelekwi kwa mtani ana kwa ana, hutumwa mtu wa tatu. Mkewe alipofariki, aliyetumwa kuniambia ni mjomba. Mimi nilikwenda mwenyewe, tena nikacheka. Buibui waliopakwa rangi machoni, mtani gani angeamini? Na dawa ile ilikuwa yake, kanipulizia bure. Yote hayo nayaona, na hasira haipungui hata kijiko. Binti naye ananiambia "si kitu, mama" huku anatia ndoo na vikopo vyake kwenye gunia. Nikamkasirikia na yeye. Ni kitu. Aliondoka siku ileile.

Kesho yake mtani akaja uani kwangu. "We mchawi wa buibui, umeamkaje?"

Najua ndivyo anavyoomba radhi, hana namna nyingine. Ilikuwa zamu yangu kumtukana, tucheke, iishe.

Nikaweka ungo chini, nikakunja goti kidogo kama wanavyofanyiwa wakubwa. "Shikamoo, kaka."

Akavua kofia.

"Usinifanyie hivyo," akasema.

Labda namwonea. Nikarudia, "Shikamoo."