Kufuli Tatu kwenye Lori la Mishiri

Lori la mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo, lilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya lori lenyewe, likipanda kutoka mtoni kwa kukohoa. Ya pili ilitoka juu, kwenye injini ndogo iliyobandikwa mbele ya bodi, ambayo ilipuliza baridi ndani na kutema moshi mweusi nje. Sisi watu wa Gatuanyaga tulijifunza kuisikiliza hiyo ya pili. Ikinyamaza, wanawake waliokuwa wakichambua mishiri waliinua vichwa na kutazamana.

Msimu ule ilianza kunyamaza mara kwa mara.

Bwana mmoja kutoka ghala la Ruiru, mahali mishiri ilipokaguliwa kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege, alikuja kutueleza. Badala ya malori mawili lingekuja moja. Lingepitia Murera kwanza, lije kwetu, kisha lirudi Ruiru bila kuzungukazunguka. Nasi tujenge kibanda cha mkaa: kuta mbili za waya wa kuku, mkaa ujazwe katikati, maji yadondoke juu yake mchana kutwa. Upepo ungepita kwenye mkaa uliolowa na kuipoza mishiri mapema, ili ile injini ndogo isichome dizeli kwa kupigana na joto la shambani. Na kila mlango wa lori utakapofunguliwa, dereva ataizima. Wazungu wanaonunua, alisema, wameanza kuuliza chakula chao kinaacha moshi kiasi gani njiani, kwa kuwa moshi huo unaifunika dunia kama blanketi na kuharibu mvua.

Tulitazama juu. Mbingu ya Gatuanyaga haikuwa na moshi. Wala haikuwa na mvua.

"Huo mkaa ukilowa," mama yangu aliuliza, "tutapikia nini?"

Watu wakacheka. Jirani yetu, mjane mwenye sauti nzito, hakucheka. "Si waseme tu kuna mahali hiyo dizeli inauzwa," alisema, na kicheko kikakatika.

Yule bwana alikuwa na neno moja zaidi. Mishiri yetu ilikuwa imerudishwa juzijuzi, imetoka jasho na kulegea. Ikirudi tena, lori halitakuja Gatuanyaga. Kubeba chakula cha kutupwa, alisema kwa upole, ni kuchoma dizeli bure.

Mama alikuwa amekodi kipande kando ya mto, akang'oa mahindi yake ili apande mishiri. Mishiri yenyewe hatukuila. Wakati ule tuliona ni majani ya wageni. Lori lisipokuja, ingekuwa ya ng'ombe, na sisi tungekaa tukimtazama ng'ombe akishiba.

Dereva alikuwa Mwislamu wa mjini Thika, mtu mtaratibu, na Kiswahili chake kilinyooka mno kwa masikio yetu. Hilo nalo lilituongezea shaka.

"Mbona umezima?" mama alimwuliza wakati wa kupakia.

"Mlango uko wazi, mama. Nikiiacha ivume, nitakuwa napoza barabara."

"Na ukishaenda?"

"Nikifunga tu, naiwasha."

"Nani atakuona?"

"Mungu, mama."

"Huyo ananiona hata mimi," mama alisema, "na hajaniambia kitu kukuhusu."

Nilikuwa nimemaliza Form Four, niko nyumbani naandika hadithi, kazi ambayo mama aliiita kukaa bure. Akanigeukia. "Wewe si unapenda kuangalia watu? Panda uangalie huyu."

Nikapanda. Mlango ulipofungwa injini ndogo ikawashwa. Niliisikiliza kupitia ukuta wa kebini kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana, nikiogopa inyamaze na, nikisema kweli, nikitamani inyamaze.

Mjini Thika, karibu na kituo cha petroli, wanaume wawili wa kikundi chetu cha wakulima walikuwa wakitungoja. Waliinua mikono. Lori likasimama, injini ndogo ikazimwa, mlango ukafunguliwa. Kila mmoja alizamisha mkono kwenye kreti hadi kiwiko.

"Iko baridi," mmoja alisema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kitu.

Kwenye njia panda ya Juja walitungoja wanawake wa Murera. Mishiri yao ilikuwa ndani tangu asubuhi, na walikuwa na hakika tumeirundikia yetu yenye joto. Walipanda, wakasukuma kreti, wakabishana, mlango ukiwa wazi na jua likiingia kama mgeni asiyebisha hodi.

"Nyinyi wa Gatuanyaga mnajulikana," mmoja aliniambia.

"Kwa nini?"

"Mnajulikana tu."

Kila mlango ulipofungwa, injini ndogo iliwaka kwa hasira, ikatoa moshi mzito kuliko ule wa mwanzo, kama mtu anayekimbiza saa zilizopotea. Niliuona moshi huo kwenye kioo cha pembeni ukitufuata hadi karibu na Ruiru.

Pembeni mwa ukuta wa mtaa wa Membley dereva akasimama mwenyewe. Alishuka na jerikeni. Nikadhani ni la kunyonyea dizeli. Nikashuka upande wangu polepole, nikazunguka nyuma ya lori, nikachungulia. Alikuwa amekunja suruali, anaosha miguu. Kisha akatandika gunia, akaelekea wanakoelekea watu wa dini yake, akaswali. Juu ya kichwa chake injini ndogo ilivuma bila kukatika. Hata hivyo niligusa udongo uliolowa, nikanusa kidole. Yalikuwa maji.

Ghalani, mkaguzi alidunga kipimajoto kwenye kreti za ndani, akatikisa kichwa kukubali. Alipofika kwenye za mlangoni, uso wake ukabadilika. Aliokota mshiri mmoja, ukajikunja bila kuvunjika.

"Leo nimewapitisha," alisema. "Siku nyingine sijui."

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama langoni.

"Amekununulia soda?"

"Ndiyo, Mami. Lakini sikiliza. Haibi. Baridi inatoka mlango ukifunguliwa, na wanaoufungua ni sisi."

"Na mandazi?"

Nikajipangusa mdomo.

"Hata mandazi," mama alisema, akaingia ndani.

Lakini siku iliyofuata ya kupakia alifika kibandani na kufuli ya zizi la ng'ombe. Kreti ya mwisho ilipoingia aliibana kwenye komeo la mlango wa lori. Nikanyoosha mkono kupokea ufunguo.

"Wewe hapana," alisema. "Ushakula mandazi yake." Akampa mjane. "Huyu ana sukari, hawezi kununuliwa kitu."

Mwanamke wa Murera, aliyekuwa amekuja na lori ili atuone tukipakia, akafungua pochi, akatoa kufuli yake. "Na yangu," alisema, akaifunga kwenye komeo la chini. "Mtu asiniambie tena mlango tumeufungua wenyewe."

Dereva alizitazama kufuli hizo mbili. Akaenda kebini, akarudi na ya tatu, na mnyororo. "Nami nisije nikasingiziwa," alisema.

Wakaondoka, mjane na mwanamke wa Murera wakiwa wamebanana pembeni mwa dereva, kila mmoja ameshika ufunguo wake na kumchunga mwenzake. Wanaume wetu wa Thika waliinua mikono, tulikuja kusikia, na lori likawapita.

Mama hakula mchana ule. Alizunguka kibanda cha mkaa akimwagia maji kuta ambazo zilikuwa bado zimelowa. Jioni mjane alishuka kwenye pikapu iliyoleta kreti zetu. Zilikuwa tupu. Mama alizigeuza moja moja, akatazama ndani, kana kwamba mishiri ingeweza kujificha.

"Zote zimepita," mjane alisema. "Ilikuwa baridi, mkono unauma. Yule wa kipimajoto hata hakusema kitu. Na dereva anasema dizeli imebaki."

Mama akaweka kreti chini.

"Imebaki," alirudia, akitazama barabara. "Imebaki wapi?"