Kabla Hajagonga
Wiki ile fundi wa kushona makochi alifua koti lake la mieleka mara mbili, akakata kucha mpaka zikamuuma. Bado mwalimu aliposema, "Haya, wawili wawili," wenzake walikwepa macho yake. Akabaki katikati ya mkeka, mikono imening'inia. Hata wifi yake, dada wa mumewe, aliyemleta mwenyewe kwenye darasa lile la wanawake na kumpigia debe, alikwenda kushikana na mwenzao mmoja, muuza dawa.

Hapo akili ikamruka. Wengine wasimtake, sawa, lakini wifi! Akimkosa huyo, mieleka ndiyo imekwisha.

Alijichunguza, asione kosa. Labda ni mtindo? Mwalimu alimwambia kila siku atafute mchezo wake mwenyewe, naye aliutafuta kweli: leo anarusha mguu kama mwalimu, kesho anajiviringisha kama muuza dawa, na kila mara anaishia chini, miguu juu. Adabu je? Adabu alikuwa nayo ya kumwaga. Sheria ilikuwa kwamba aliyebanwa akigonga mkeka kukubali kushindwa, unamwachia papo hapo. Yeye hakungoja hata mtu agonge. Akimpiga mtu kabari, akasikia tu pumzi imebadilika, aliachia na kusema, "Pole, dada, pole." Sasa walitaka adabu gani tena?

Wifi alipokuja kwenye benchi kunywa maji, fundi alimfuata.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Hujui?"

"Haki ya Mungu, sijui."

"Unaniachia kabla sijagonga. Kila siku! Mimi natafuta upenyo wa kutoka, wewe umeshaniachia, na pole juu. Kwani mimi mgonjwa?"

"Si nakuonea huruma, wifi yangu?"

"Huruma yako imenichosha. Njoo tushikane. Ukiniachia tena, tafuta mwingine."

Walishikana. Kwa hofu, fundi alisahau ya mwalimu na ya muuza dawa. Mikono ikafanya ilichozoea kufanya karakanani: ikavuta ukosi wa wifi kidogo, ikakaza, ikavuta tena, kama anavyovuta kitambaa kwenye kona ya kochi mpaka mkunjo uishe. Kabari ikaingia. Pumzi ya wifi ikabadilika. Vidole vya fundi vikamwasha kutaka kuachia. Akimuumiza, atamwambia nini mumewe? Gonga basi, jamani, gonga!

Wifi hakugonga. Alizungusha kiuno, akachomoa kichwa, na kufumba na kufumbua fundi alikuwa chali, mkono umepindwa, yeye ndiye anayeugonga mkeka.

Wifi akamwachia palepale. Alikuwa akihema na kucheka.

"Kuvuta kule umejifunza kwa nani?"

"Kuvuta kupi?" Fundi hakuelewa anaulizwa nini, wala kama ameshinda au ameshindwa, wala kama amesamehewa.

Wifi alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, amemsogezea ukosi aushike.

"Tena," alisema.