Karatasi Ambazo Kazi Yake Haiishi

Mwaka wa pili wa ndoa yangu nilikuwa mshonaji pale Nchelenge, kando ya ziwa, na karatasi zangu zote zilikaa katika sanduku moja la bati. Patroni za kukatia magauni, nilizokata kwenye mifuko ya sukari, vipimo vya wateja, barua za dada yangu, maelezo ya kutia mafuta cherehani, yote humo. Nilijisifu kwamba kwangu hakipotei kitu.

Kweli hakikupotea. Lakini binti mmoja wa Kilwa, kisiwa cha ziwani kwetu, alipokuja kwa mtumbwi kuchukua gauni lake la harusi, lilimkwama kifuani. Nikavuta, akabana pumzi, wapi! Nikafungua sanduku. Nilikuwa nimekata kwa vipimo vya msichana mwembamba kutoka Kafutuma, niliyemshonea mvua za mwaka uliopita.

"Mama, ndoa iko kisha siku tatu," akasema. Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

Kitambaa kile kililetwa na wachuuzi wa upande wa Kongo, na hakikubaki hata kipande. Basi nikatoa gauni langu mwenyewe la harusi, nikalifumua, nikapata vipande viwili vya kuongeza tangu kwapani hadi kiunoni. Nyeupe yangu ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa. Yeye alivipapasa tu, akasema vizuri.

Alikaa kwangu siku mbili akingoja, naye hakuzoea kukaa bure.

"Naweza panga hizi makaratasi?" akaniuliza, na kabla sijajibu akamwaga sanduku mkekani. Niliona haya, kama mtu aliyefunuliwa chungu. Kila karatasi aliyoishika aliniuliza lile lile: "Hii, kazi yake inaisha?"

"Hiyo ni patroni ya mikono. Haiishi, naitazama kila mara."

"Na hii?"

"Vipimo vya mke wa mwalimu. Nikimaliza blauzi yake, basi."

Zisizoisha alizirudisha sandukuni, patroni upande wake, barua zimefungwa kwa uzi. Zenye mwisho alizibana kwa pini, kila moja kwenye kitambaa chake, akazitia kikapuni karibu na mguu wangu. Za kazi zilizokwisha aliziweka kando, rundo kubwa. Nilipochungulia, kikapu kilikuwa na kazi nne tu. Miezi yote ile nilikuwa nikichoshwa na kazi nilizokwisha kuzimaliza!

Vipimo vyake mwenyewe alivikuta ndani ya barua ya dada yangu. Tulicheka hadi nikasimamisha cherehani.

"Hii tutie wapi?"

"Kikapuni, mpaka kesho."

Kesho yake gauni lilimwenea. Nilimsindikiza ufukweni, akapanda mtumbwi na gauni mapajani, limefungwa kwa shuka, akiwakataza wapiga makasia wasirushe maji. Nilirudi nyumbani polepole. Wiki ile nilimaliza kazi zangu zote, na Jumapili baada ya kanisa nikalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe.