Siku ya Sindano, Siku ya Sabuni

Nilipangiwa zahanati ya Mwera, upande wa Pangani, miaka ile ambayo kipande cha sabuni kilipatikana kwa foleni, tena jina lako liwe kwenye orodha ya duka la ushirika. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Kazi yangu ilikuwa kupima watoto uzito na kuwachoma chanjo. Mkuu wa zahanati alikuwa mganga wa makamo tuliyemwita Mzee, mzaliwa wa Pemba, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu yeyote aliyenifundisha.

Rejista za kuchapwa zilikuwa zimekwisha zamani. Tuliandika nyuma ya fomu kuukuu za shamba la mkonge, tukazishona kwa uzi wa katani. Kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu, nilizoea kufupisha: jina, umri, ugonjwa, kisha "Mwera", basi. Mzee alipokagua ukurasa wangu wa kwanza aliniita pembeni.

"Mwanangu, Mwera ni pana," alisema. "Uliza kitongoji."

Nilinung'unika moyoni, maana watu walikuwa wengi na mkono ulikuwa mmoja. Lakini tangu siku ile niliuliza.

Mwaka wangu wa pili surua iliingia. Watoto waliletwa mgongoni, macho mekundu, midomo imechubuka. Mmoja alikata roho mapajani mwa mama yake kwenye benchi letu, kabla sijamaliza kumwandika. Mama yule alikuwa rika langu. Hakulia pale. Alimfunika mwanawe kwa leso, akaniomba maji ya kunywa, akaondoka na shemeji yake kwa miguu.

Haukupita muda ikaja barua kutoka wilayani. Ilisema kina mama wa kwetu ni wazembe, hawaleti watoto kuchanjwa, na kwamba mgambo wangepita nyumba kwa nyumba kuwaleta kwa nguvu. Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja. Wagonjwa walipokwisha tulitandaza karatasi zetu sakafuni. Mimi nilisoma kitongoji cha kila mtoto aliyeugua, yeye akachora kijiti nyuma ya kalenda ya zamani. Ilipoadhiniwa alasiri, vijiti vilikuwa vimerundikana mahali pawili tu: vitongoji viwili vya ng'ambo ya bonde, karibu na duka la ushirika. Vitongoji vingine vyote vilikuwa karibu vitupu.

 Mzee akaniambia niende nikawaulize wenyewe, kabla mgambo hawajawafikia.

Nilianzia kwa yule mama aliyefiwa, ingawa niliogopa kumtazama usoni. Alinitandikia mkeka, akanipa chungwa. Nilimuuliza taratibu kwa nini hakuwahi kumleta mtoto. 

"Siku ya sindano ndiyo siku ya sabuni, dada," alisema. "Nina watoto wanne wana upele. Ningeacha sabuni, ningewafulia kwa kitu gani? Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Kila wiki nikasema hivyo."

Niliporudi nilimweleza Mzee, naye akaelewa mara moja. Wilaya nzima ilikuwa na lori moja lenye mafuta ya uhakika. Kila Jumatano lilitoka Pangani mjini na sanduku letu la chanjo lenye barafu, likalishusha kwetu, kisha likaendelea na bidhaa mpaka dukani ng'ambo ya bonde. Mwanamke aliyetujia sisi alipoteza nafasi yake kule.

Lori liliporudi mjini tulipanda nalo, tukaenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alituambia kila anayeingia ofisini mwake anakuja kuomba asichonacho. Mzee hakubishana naye. Alikunjua kalenda mezani, akamweleza kila kijiti ni mtoto gani, wa kitongoji gani. Mganga mkuu aliinama, akavifuata vijiti kwa kidole.

"Mzee wangu, sina lori la pili."

"Sitaki la pili," Mzee akajibu. "Sanduku lisiteremke kwetu. Lipite, na huyu binti apande nalo mpaka dukani."

Yule bwana alicheka kidogo, kisha akaagiza barua ya mgambo ifutwe.

Jumatano iliyofuata nilitundika mizani kwenye boriti ya baraza la duka. Mwanzoni hakuna aliyesogea, kila mmoja akichelea nafasi yake. Mama yule aliyefiwa ndiye aliyeweka kikapu chake chini mahali pa miguu yake, akaniletea mdogo wa marehemu. Wenzake wakafuata, vikapu vikabaki vimepanga foleni peke yao. Surua haikwisha siku moja, lakini vijiti vilipungua ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ikapita miezi sikuchora hata kimoja kwa vitongoji vile.

Baadaye biashara ilifunguliwa. Wachuuzi walileta sabuni za kila rangi kupitia mpaka wa Horohoro, zikauzwa mpaka njiani. Foleni ikafa, duka la ushirika likafungwa, na sisi tukalazimika kutafuta upya ni wapi na siku gani tutawapata kina mama. Mzee alistaafu akarudi kwao Pemba. Mimi nilihamishiwa mjini Tanga, ofisi ya Raskazone yenye madirisha makubwa, ambako taarifa za zahanati nyingi zilinifikia zimechapwa vizuri, bila jina la kitongoji hata kimoja.

Shida zile sizitamani. Nani atamani kufua kwa majani ya mpapai? Ila nalikumbuka baraza lile: watoto wakilia kwenye mizani, kina mama wakitaniana kwa Kibondei, mimi nikiuliza, "Mwatoka wapi?", nao wakinielekeza kwa kidole mpaka mnazi ulio mbele ya nyumba.