Alama za Katana

Walimu wenzangu, leo nimesamehewa mbele ya darasa zima, na tangu hapo sijaweza kutulia kitini.

Mnajua ninavyofundisha uandishi kidato cha tano hapa Changamwe. Kwangu mimi, kalamu ya Mkristo haizungukizunguki.

Basi baada ya sala nikawaambia: "Uhuru u karibu, na nchi itataka watu wanaojua kusamehe. Mwandikieni mtu aliyewakosea. Litajeni kosa waziwazi, kisha mtasoma kwa sauti."

Akasimama Katana, yule wa Likoni, babake kuli bandarini.

"Mwalimu wangu mpendwa," akaanza.

Nikatabasamu. Nikadhani ni mwalimu wake wa zamani!

"Muhula uliopita uliichana insha yangu mbele ya wenzangu. Ulisema mtoto wa kuli hawezi kuandika hivyo, kwamba nimenakili. Niliiandika mwenyewe. Nimekusamehe."

Nikadhani amemaliza.

Angeishia hapo ingekuwa nafuu.

"Tangu siku ile naandika vibaya makusudi, ili uamini ni kazi yangu."

Nimefungua daftari lake. Kweli, insha saba za ovyo. Na chini ya kila moja, kwa wino wangu mwekundu: "Sasa naona ni kazi yako mwenyewe. Endelea hivyo hivyo."

Nimeizunguka meza mpaka chai imepoa. Barua inangoja alama. Nikimpa za juu, si nitaonekana nalipia msamaha?

Semeni, jamani. Maana ni insha yake ya kwanza nzuri tangu ile niliyoichana.